Daktari wa Usingizi na Maiti Wanaopumua

Mara mbili Hakimu alipangiwa upasuaji wa kutoa mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mara mbili alichomoka. Mara ya kwanza alisingizia mafua. Mara ya pili alisema ana hukumu ya kuandika, kana kwamba duniani hakuna hakimu mwingine anayejua kushika kalamu. Safari hii nyongo yenyewe ndiyo iliyokata shauri: alijikunja juu ya meza ya mahakama mbele ya mawakili na mshtakiwa, na mshtakiwa ndiye aliyewahi kumletea maji.

"Sikio la kufa halisikii dawa, Mama," binti yake alimwambia walipofika hospitali. "Lakini leo huchomoki ng'o."

Hakimu hakuogopa kisu. Aliogopa nusukaputi, ile dawa ya kulazwa usingizi. Dada yake mkubwa aliingia chumba cha upasuaji kwa jambo dogo tu, akiwapungia mkono, asitoke mzima. Tangu siku ile familia haikupata mtu wa kuwaambia ni nani alikuwa kando yake alipolala, wala kilitokea nini. Kila walipouliza waliambiwa poleni. Hakimu alikuwa amesikiliza mashahidi maisha yake yote, lakini kwa kifo cha dada yake hakuwahi kumpata hata mmoja.

Sasa alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, shuka la kijani hadi kidevuni, simu chini ya mto. Simu hiyo hata muuguzi alinyimwa. Binti alidhani Mama anasoma majalada. Familia nzima ilidhani hivyo kwa miaka: Mama akirudi kazini akajifungia chumbani na nyaya masikioni, basi anasoma majalada, asisumbuliwe. Kumbe Mama anatazama filamu za mapigano. Tena si zile za fedha nyingi. Ni zile za kuungaunga, ambazo nyumba moja inakuwa benki, halafu hospitali, halafu kasri la adui, na pazia ni lile lile. Ambazo kioo cha gari kinavunjwa, gari likikata kona kimeshapona. Ambazo staringi anapigwa risasi ya bega, anafunga leso, mambo yamekwisha. Alizipenda kwa aibu, kama mtu mzima anayelamba sukari jikoni. Mahakamani kesi ya kuku huahirishwa mpaka kuku mwenyewe akafa kwa uzee. Kwenye filamu zile mwenye kosa anakuwa ameshalala chini kabla chai haijapoa. Nani asingependa?

Zaidi ya yote alimpenda msimuliaji. Filamu zenyewe zilikuwa za lugha asiyoijua, lakini jamaa mmoja aliyejiita Chiriku alizitia maneno yake juu, akitafsiri pale alipoelewa na kubuni pale alipopenda. Chiriku alikuwa na tabia moja ya kipekee. Watu wa kufa kwenye filamu za bei rahisi hawajui kufa: wanalala chini huku vifua vinapanda na kushuka. Wasimuliaji wengine waliliacha lipite. Chiriku hakuliacha. "Maiti wa pili kutoka mlangoni anapumua," alikuwa akitangaza katikati ya milio ya bunduki, sauti tulivu kabisa. "Hali yake inaridhisha. Huyu wa shati jekundu ana pumzi fupi fupi, mgeuzeni ubavu." Hakimu alikuwa akifika hapo anauma mto ili kicheko kisisikike nje.

Muuguzi akaja, akakisukuma kitanda hadi kwenye ukumbi mdogo mbele ya chumba cha upasuaji. Binti akabaki nje ya mlango. Daktari wa usingizi alikuwa akiwasubiri, kijana mwembamba mwenye kofia na barakoa. Akaanza kusema yale anayolazimika kusema.

"Mheshimiwa, usingizi huu ni salama, ingawa kuna uwezekano mdogo..."

Aliposikia "uwezekano mdogo", Hakimu akaketi. "Nirudisheni wodini."

"Mama, jamani," muuguzi akalalamika, "daktari wa upasuaji ameshanawa mikono!"

"Akaikaushe."

Akaanza kushusha miguu. Pale pale mlango wa ndani ukafunguka, akatolewa mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa, mdomo wazi, uso umepauka. Hakimu akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Huyo amekufa!"

Daktari akageuka, akamtazama yule mgonjwa kifuani.

"Anapumua," akasema, sauti tulivu kabisa. "Hali yake inaridhisha. Mgeuzeni ubavu kidogo."

Miguu ya Hakimu ikabaki ikining'inia hewani.

"Daktari. Nitakuuliza swali, ujibu ndiyo au siyo. Nje ya hospitali hii una jina lingine?"

Daktari alimtazama muuguzi, kisha akatazama sakafu. Alijua kazi ya mgonjwa wake. "Mheshimiwa, naomba nijieleze. Mimi siuzi. Ninasimulia tu nyumbani, rafiki yangu ndiye anayesambaza. Kama ni suala la kibali..."

"Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo." Alilitoa kama mtu anayekiri kosa. "Wananiita Chiriku. Mkuu wa idara akijua nimekwisha, Mheshimiwa. Daktari mzima kuhangaika na filamu za ovyo!"

Muuguzi akageukia ukuta, mabega yakimcheza kwa kicheko. Hakimu akaingiza mkono chini ya mto, akatoa simu, akamwonyesha. Kwenye kioo alionekana mtu wa kufa, akiwa amesimamishwa katikati ya pumzi.

"Hii nimeifikisha nusu," akasema. "Nazitazama zote. Hata binti yangu hajui. Basi leo tumeshtakiwa sote wawili."

Daktari alitazama simu, akamtazama yeye, akashusha pumzi ndefu mpaka barakoa ikatuna. "Mheshimiwa unanisikiliza mimi?"

"Kila jioni. Hebu niambie, kwa nini huachi kuwakagua wale maiti?"

"Najaribu kuacha, nashindwa. Kazi yangu ni kukaa kichwani pa mtu na kuangalia kifua chake. Nikifika nyumbani nikaweka filamu nipumzike, macho yanakwenda kifuani yenyewe. Hata mke wangu akisinzia namwangalia. Ananiambia ninamkosesha usingizi."

Mahakamani Hakimu alikuwa amewaona watu wakiapa na kitabu mkononi, kisha wakadanganya bila kupepesa. Huyu alikuwa ametoa ushahidi wake miaka yote, bila kiapo, bila kujua kama kuna anayesikiliza. Akamwamini. Hofu haikumtoka yote, lakini alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa ndoo kichwani. Akapandisha miguu, akalala.

"Dada yangu alilazwa hivi hivi, asiamke," akasema. "Usiniache."

"Siondoki, Mama." Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Basi nilaze."

Alipofumbua macho aliona dari. Koo lilikuwa kavu, na tumbo liliuma kama amepigwa teke na kundi zima la adui. Akafurahia yale maumivu, maana wafu hawaumwi. Machozi yakamtoka, hakuyazuia. Binti yake alikuwa amemshika mkono, naye akilia huku anagomba: "Umeona sasa? Umeona ulivyokuwa unatutesa bure?" Upande wa pili, juu ya kigoda, aliketi daktari, kofia bado kichwani.

"Nimeamka," Hakimu akasema.

"Umeamka, Mama."

"Nisimulie."

"Filamu gani?"

"Si filamu. Nilipolala. Kila kilichotokea."

Binti akamkodolea macho mama yake, akidhani ni dawa zinazosema. Daktari akakohoa, akasogeza kigoda, akaanza kwa sauti ile ya Chiriku:

"Basi, Mama akafumba macho. Daktari wa upasuaji akaingia, akaomba kisu, na mkono wake haukutetemeka. Mfuko ukatolewa na mawe yake yote, makaidi yale. Moja lilitaka kutoroka, likakamatwa mlangoni."

Hakimu akacheka, akashika tumbo, akaguna kwa maumivu, akacheka tena.

"Katikati hapo, shinikizo la damu likashuka kidogo. Nikaliona. Nikalipandisha. Muuguzi akaniambia nenda kanywe chai, mwenzako akushikie. Nikakataa. Nilikuwa nimeketi kichwani pako, mkono wangu shavuni mwako, na sikwenda popote."

Kicheko kikamkauka Hakimu. Akamvuta binti yake karibu.

"Sikiliza vizuri," akamwambia. "Mama yako mkubwa hakupata mtu wa kutusimulia hivi." Kisha akamgeukia daktari, akajifuta uso kwa pembe ya shuka.

"Endelea, mwanangu."