Kushuka Bila Maziwa

"Shikamoo, mama!"

Anyesi alibana breki zote mbili katikati ya mteremko. Tairi la nyuma likanyanyuka, naye akatua kichakani miguu juu. Mama aliyekuwa akipanda na kuni kichwani alishusha mzigo wake, akamtazama kwa huruma.

"Marahaba, mwanangu. Lakini si ungenisalimia ukiwa mzima?"

Kule chini Lilian alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Lilian alikuwa mwalimu wa sekondari, Mchaga mwenye maneno mengi, na ndiye aliyemwazima Anyesi ile baiskeli ya mlimani yenye springi mbele na matairi mapana. Walijuana kwa maziwa. Kila asubuhi Anyesi alishuka kutoka kwao Olmotonyi mpaka Elerai mjini na baiskeli yake nzito ya chuma, madumu mawili nyuma, akiwagawia wateja. Siku moja alishindwa kujizuia.

"Mwalimu, huko msituni kila Jumamosi wewe na wenzako wa baiskeli mnafuata nini?"

"Hatufuati kitu. Tunapanda, tunashuka."

Jibu hilo lilimkaa kooni. Mtu mzima na akili zake anapanda mlima mikono mitupu, anarudi mikono mitupu, na bado anarudi anacheka! Kutembea bure si sawa na kukaa bure, walisema wahenga, ila hawakutaja baiskeli. Ikabidi akaone mwenyewe, na alipoona, akanogewa.

Sasa alikuwa akijipangusa majani kwenye helmeti huku Lilian akipanda kumfuata.

"Dada Anyesi, makosa yako ni mawili. Kwanza unakaa kwenye siti kama vile una madumu nyuma. Leo hakuna maziwa ya kumwagika. Simama kwenye pedeli, legeza magoti, iache baiskeli icheze yenyewe. La pili ni hizi salamu."

"Salamu zina kosa gani?"

"Hazina kosa. Shuka kwanza mpaka chini, halafu ndiyo usalimie."

"Nimpite mtu mzima kama mbuzi?"

Mwalimu aliinyanyua baiskeli kutoka kichakani, akamkabidhi.

Jumamosi iliyofuata kundi la Lilian lilipanga kwenda kuuzunguka Mlima Meru. Kwa usalama walikubaliana kwamba asiyeweza kushuka mteremko huu wa mizizi bila kuweka mguu chini atabaki nyumbani, maana mbele kulikuwa na pabaya zaidi. Anyesi alitaka kwenda. Alitaka mpaka ilimwuma. Tangu azaliwe aliamka akiuona mlima ule upande mmoja tu, na hakuna aliyewahi kumweleza vizuri upande wa pili ukoje. Je, kule nyuma nako kuna mtu anayeamka akijiuliza habari za huku?

Alisukuma baiskeli mpaka juu, akavuta pumzi, akaiachia.

Mzizi wa kwanza ulimtikisa meno. Wa pili akaupokea kwa magoti, na akashangaa: kumbe baiskeli inajua njia usipoibana! Akasimama kwenye pedeli, upepo ukamwingia mikononi. Akapita pale alipoangukia, akaingia kwenye kona ya mwisho, na hapo akawaona ng'ombe watano kando ya njia. Nyuma yao, fimbo mkononi, alisimama baba yake, mzee Yiamat.

Anyesi hakuwahi kumwambia kwamba Jumamosi anapanda baiskeli msituni. Na huyu ndiye aliyemfundisha kwamba mtoto anapokutana na mkubwa husimama, huinamisha kichwa, huguswa utosini, ndipo mengine yaendelee. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya breki. Akibana, mguu utagusa chini, na upande wa pili wa mlima utabaki kuwa wa kusimuliwa.

"Baba, narudi!" alipiga kelele. Akampita.

Alipita na aibu usoni na kicheko kifuani, vyote kwa pamoja, mpaka njia ikawa tambarare na baiskeli ikapungua kasi yenyewe. "Hukuweka mguu!" Lilian alipiga kelele kutoka juu. "Umeweza, dada!" Anyesi aliilaza baiskeli kwenye nyasi, akavua helmeti, akapanda kwa miguu.

Alisimama mbele ya mzee, akainamisha kichwa kilicholowa jasho. Mkono haukuja upesi. Ulipokuja, ulikaa utosini muda mrefu kuliko kawaida.

"Maziwa yako wapi?" mzee aliuliza.

"Leo hakuna maziwa, Baba."

"Huko juu ulifuata nini?"

"Sikufuata kitu. Kushuka tu."

Mzee Yiamat aliutazama mteremko, mzizi kwa mzizi, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Anyesi alishindwa kumsoma. Alikuwa tayari kukemewa, na alijua hata akikemewa atakuja tena.

"Umepita haraka mno," mzee alisema hatimaye. "Sikuona magoti yanafanyaje. Panda tena."

Kisha akapiga mluzi, akaanza kuwasogeza ng'ombe mbali na njia, mmoja mmoja. Mtamba mwekundu alikataa kuondoka, na mzee akawa anamsukuma kwa bega.