Kabla ya Firimbi ya Pili

...na kama firimbi ingechelewa kidogo tu angekuwa amekwisha kuvuka, angekuwa upande ule, mlangoni kwa biro, ofisi ya askari, lakini imelia mguu wake mmoja ungali ndani ya tope, na sasa Solange amesimama kama Butembo yote ilivyosimama, pikipiki zimezimwa, mwanaume mwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, amelizuia kwa goti lisiteremke na magunia yake ya makaa, Virginie, jirani yake anayeuza maparachichi kando ya barabara, amebaki na parachichi moja hewani kana kwamba anampa mtu asiyeonekana, ndivyo ilivyo kila asubuhi bendera inapopandishwa mbele ya biro, firimbi ya kwanza unasimama, firimbi ya pili unaenda, na katikati hapo mtu hana ruhusa ya kuwa na haraka yake, amechoka, Mungu wangu, amechoka hadi kwenye meno, mtoto mgongoni ni mzito kama bidoni la maji, amelala, kitenge kimembana na shali imemfunika hadi utosini kwa sababu ya ukungu huu, ndani ya kikapo mna fufu na maharage ya Josaphat, vinapoa, na Josaphat mwenyewe yule pale... yule pale ng'ambo, mume wake, ametolewa nje ya kasho, chumba cha mahabusu, pamoja na wanaume wengine, wamepangwa kando ya lori, mikono nyuma, tangu wamchukue sokoni hajamtia machoni na leo yuko karibu hivi, angemwita asingehitaji hata kupaza sauti, amekonda, koti alilovaa si lake, mikono ya koti inamwishia juu ya vifundo, nani amempa koti, labda yule mzee aliye pembeni yake, maana mzee anatetemeka kwa shati moja... "Mama Muyisa," Virginie anasema bila kufungua midomo, hajawahi kumwita Solange kwa jina tangu mtoto azaliwe, "ile camion inaenda Beni, nimesikia dereva anasema, bendera ikiisha tu banabapandisha." Beni. Alifikiri atakabidhi kikapo mlangoni kama siku nyingine, mlinzi afunue kifuniko, anuse, acheke, aseme kitu kwa Lingala, kikapo kiingie, kisha kitoke kitupu, na nani amekula Mungu ndiye anajua, hakufikiri Beni, waliopelekwa Beni wanasemekana wapo, huyu aliwaona, yule alisikia, lakini mlangoni kwao hajarudi mtu. Kwa ajili ya chumvi. Josaphat alibeba chumvi kwenye chukudu hadi njia ya Kanyabayonga, akauza kwa watu walionunua, na watu walionunua wakawa, kumbe, ni waasi wa msituni, au jamaa zao, lakini mwenye njaa ya chumvi huwa haandikwi usoni ni wa upande gani, na siku ile walipomchukua hakuwa akiuza hata chumvi, alitoka kutafuta dawa ya mtoto, alisema narudi sasa hivi, usimlaze chini, ukae naye hivyo hivyo kifuani, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho nyumbani, mtoto amelegea kama kitambaa kilichoroweshwa, macho yamegeuka meupe, jirani mmoja tayari amevua kilemba chake akakishika mkononi kama mtu aliyekwisha kuwa matangani... "Telema!" komanda anapiga kelele kule mbele, "moto aningana te!" simameni, mtu asitikisike, kana kwamba kuna aliyetikisika. "Anatuona sawa miti ya eucalyptus," Virginie ananong'ona, "siku moja tutaota majani." Na Solange nusura acheke, hapo hapo, tumbo lake linakaza ili asicheke, mtu ni kitu cha ajabu, mume yuko kando ya lori na tumbo linataka kucheka.

Bendera inapanda. Anayeipandisha ni askari mrefu, wala si kijana, ndevu zake zina mvi, anavuta kamba mkono juu ya mkono, na Solange anajua kazi hiyo, aliifanya, darasa la sita kwa masista, zamani za Zaire, bendera ya kijani yenye mwenge, mwalimu Étienne alikuwa anawachagua wenye mikono safi, mwalimu Étienne aliyetumwa kutoka Kasai, Kiswahili chake kilivunjika kila alipokikanyaga, alikuwa anasema mtoto aliyesoma anajulikana kwa namna anavyosimama, na yeye aliamini, alisimama hadi magoti yakauma, kisha bendera ile ikaondoka, ikaja nyingine, wakaja askari wenye viatu vya mvua, wakaja wengine, wakagombana wao kwa wao, kila mmoja na firimbi yake, na watu wakasimama kwa wote, labda hilo ndilo somo pekee ambalo hakuna aliyefeli, komanda alilisoma, huyu wa ndevu alilisoma, Josaphat pia, wote waliketi mahali fulani kwenye benchi wakafundishwa kusimama, na baadaye mtu akipigwa mbele yako miguu inakumbuka somo, inabaki pale pale, siku moja dada mmoja aliita jina la kaka yake wakati wa bendera, jina tu, hawakumgusa yeye, walimlaza chini kaka yake wakampiga dada akiangalia, na sisi tulisimama, mimi nilisimama, nilikuwa na vitunguu, nilivikumbatia vitunguu... asiite, basi. Asiseme kitu. Amtazame tu, aishibe sura yake, huku bendera ikipanda upesi hivi, tayari iko katikati, askari yule ana mikono mirefu, Mungu amsamehe kwa mikono mirefu, dereva amewasha lori, moshi unawafunika wafungwa hadi magotini, na hapo bendera inasimama. Katikati ya mlingoti. Askari anatazama juu, anavuta, anaishusha kidogo, anavuta tena, haipandi. "Wee, nini tena?" komanda anauliza. "Chef, nsinga ekangami," askari anajibu, kamba imebanwa, na komanda anatukana kamba, anamtukana mama wa kamba, "benda," vuta, naye anavuta, anaishusha, anavuta. "Hata kamba ya serikali iko na njaa," Virginie ananong'ona, "haina nguvu ya kupanda." Lakini Solange anaiangalia kamba. Anaiangalia vizuri. Kamba iliyokwama hukaza, anajua, hukaza kama uzi wa nguo ukinaswa na msumari, mlingoti wote hutikisika na mikono huwaka moto, na kamba hii haijakaza, imelegea, upepo unaipeperusha taratibu, na kidole gumba cha yule askari kimeibana hapo chini, kando ya paja, upande ambao komanda haoni. Askari anatazama juu kama mtu mwenye taabu. Kisha anatazama barabarani, kwake, kwenye kikapo, kisha anatazama mstari wa wafungwa, kisha tena juu. Hapana. Si kweli. Labda kidole kinamuuma, labda anamchokoza komanda tu, hawa watu ndio waliochukua kuku wa shangazi na mlango wa jikoni wakaufanya kuni, ndio wanaonusa kikapo na kucheka, kila asubuhi anaamka anawachukia kwanza kabla ya kuwasha moto, ni kazi kama kazi nyingine, anaifanya bila kukosa, na leo anaona ilivyomchosha... Darasa la nne. Ilikuwa darasa la nne, kwao kulikuwa mbali, njia ya Lubero, alifika shuleni bila kula tangu jana yake, akafungua kiazi kitamu ndani ya dawati, na kula darasani ilikuwa fimbo, mwalimu Étienne alimwona, hakika alimwona, macho yao yalikutana, na mwalimu akawageuzia mgongo, akaanza kuandika ubaoni sentensi ndefu, ndefu hadi mwisho wa ubao, akaifuta, akasema amekosea, akaiandika tena, polepole, hadi kiazi kikaisha, na yeye Solange miaka yote hii amesimulia kwa kicheko jinsi mwalimu yule asivyojua kuandika bila kukosea. Miaka yote. Wema wa namna hiyo hauna uso, unajifanya kosa, unajifanya uzembe, unakubali kuchekwa, huenda ameupita mara nyingi barabarani bila kuusalimia, huenda umemlisha, huenda koti lile ni hivyo hivyo, mzee amesema linanibana, chukua wewe.

Na kama ni hivyo... kama ni kweli mtu yule anashika kamba kwa ajili yake, hatashika siku nzima, komanda ameanza kusogea, anatembea kuelekea mlingoti akijipiga fimbo kwenye buti, na Solange amezitumia dakika hizi kumwangalia Josaphat, mashavu yake, kidonda kwenye nyusi, amekula kwa macho peke yake kama mwenye uroho, bila kuona kwamba Josaphat hamwangalii yeye. Hamwangalii usoni hata kidogo. Anaangalia juu ya bega lake, kile kitu kilichofungwa mgongoni, kilichofunikwa kote, kisichotikisika. Ee Mungu. Hajui. Aliondoka mtoto amelegea kama kitambaa, na hakuna aliyemwambia, kila siku Solange alimwambia yule mlinzi, mwambie mtoto amepona, dawa alileta Virginie, mwambie Muyisa ameanza kukaa peke yake, na mlinzi anacheka na kufunua kifuniko, na leo Josaphat anaona furushi, anauliza furushi, midomo yake haifunguki lakini uso wote unauliza, na ataondoka na swali hilo hadi Beni, na huko Beni atakaa nalo gizani. Solange anataka kuitikia kwa kichwa, lakini kuitikia kutasema nini, ndiyo yuko, au ndiyo amekwenda, na akitabasamu, mtu anaweza kutabasamu ili mwenzake asilie. Kichwa hakitoshi. Uso wake hautoshi, uso wa mama unaweza kudanganya na Josaphat anaujua. Basi mkono mmoja unapanda, polepole, kama wa mtu anayejikuna shingo, unaishika shali, unaivuta hadi iteremke mabegani, baridi inamgusa mtoto utosini, na miguu, ile miguu iliyosoma, inaanza kugeuka ndani ya tope, kisigino kwanza, kidogo, kidogo tena, bendera inaondoka machoni, lori linaondoka, askari, komanda, na wa mwisho kuondoka ni Josaphat, anamshika kwa pembe ya jicho kadiri jicho linavyoweza, kisha hayupo, na mbele yake kuna milango ya maduka iliyofungwa na nyuso za watu wote, maana yeye peke yake sasa ameelekea huku na wote wameelekea kule, mwenye chukudu anamwona, mwanamke mwenye ndizi anamwona, wanajua mtu anayeipa bendera mgongo anafanywa nini, mwenye ndizi anashusha macho chini kama mtu aliyekuta mwenzake anaoga. "Mama Muyisa," Virginie ananong'ona, na mara hii hana mzaha, "geuka, bendera iko huku." Najua. "Geuka, mama, minakuomba, komanda anakuja." Najua, Virginie. Nyuma yake kigurudumu cha juu ya mlingoti kinalia, kinanyamaza, kinalia tena, hajui kama bendera inapanda au inashuka, buti zinasikika kwenye kokoto, hajui zinakwenda wapi, amesimama wima, mikono safi, amechoka na hajachoka, na mgongoni, kati ya mabega yake, mahali ambapo shavu la mtoto limekuwa likimpa joto asubuhi yote, panaingia baridi, baridi ndogo ya duara, Muyisa ameamka, ameinua kichwa, anaangalia.