Kiti Kina Mwenyewe

"Hama."

Neno hilo moja liliingia kwenye simu yangu nikiwa nimeshika kete, mkono ungali hewani juu ya ubao wa drafti. Fundi, aliyekaa mbele yangu, alikuwa amebakiwa na kete tatu tu, na zote nilikuwa nimezibana pembeni. Aliniona nikisoma ujumbe, akakunja uso.

"Usiniambie unaondoka tena, dada."

"Naondoka tena, fundi."

"Sema ukweli basi. Unaogopa kufungwa."

Mimi, niogope! Niliinuka, nikachukua mkoba wangu, nikaenda kukaa peke yangu upande wa pili wa uwanja, kwenye kiti kitupu katikati ya viti vitupu, kama mtu aliyefika harusini kabla ya wenye harusi. Na kwa kufanya hivyo nilikuwa nalipwa mshahara.

Ofisi yetu ilichora majengo na bustani. Mwaka ule tulikuwa tumepewa eneo la maegesho ya magari katikati ya jiji, kati ya benki na mahakama, tuligeuze liwe bustani ya watu wote. Tulichora hadi macho yakatuuma: vivuli, chemchemi, njia za viti vya magurudumu, jukwaa la wanamuziki. Lakini madiwani walikuwa wamegawanyika, na wale waliotaka pajengwe ghorofa la kuegeshea magari hawakuficha. Watu wa mjini hawakai, walisema, wanapita. Mwishowe tukapewa wiki moja ya majaribio. Toeni magari, wekeni viti, na Ijumaa tutakuja kujionea wenyewe. Wakikuta patupu, magari yanarudi, na michoro yetu tukafungie karanga.

Jumatatu asubuhi tulipanga viti vyepesi vya chuma, meza, na miti iliyopandwa ndani ya mapipa. Kisha tukapanda hadi dirisha la ofisi, ng'ambo ya barabara, kutazama. Watu walikuja mpaka ukingoni, wakavikodolea viti macho kana kwamba vimepakwa rangi mbichi, wakapita zao. Asubuhi nzima hakuna aliyekaa. Bosi wetu tulimwita Rula, kwa siri, kwa sababu hata akiwa amekaa alionekana amesimama. Alishusha darubini yake.

"Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza," alisema. Akageuka, akatuangalia mmoja mmoja, akaishia kwangu. "Wewe nenda ukakae. Una uso usiomsumbua mtu."

Alidhani amenisifu. Nami, jamani, nilishuka ngazi nikilifikiria neno lile, nikapita mbele ya kioo cha benki na kujitazama, nikaona kweli, uso ule haukuwa ukimsumbua mtu yeyote.

Nilikaa. Baada ya muda mama mmoja mwenye mizigo alikaa kiti cha tatu kutoka kwangu, akavua kiatu, akajikanda mguu. Wakafuata makarani wawili wa mahakama, wakisengenya mtu kwa furaha. Halafu watu wakaanza kujileta wenyewe. Nilipokuwa ndiyo kwanza nanogewa na umbea wa makarani, simu ikatetemeka. Hama. Kiti nilichokikalia, kwa hesabu za Rula, kilikuwa kimeshamaliza kazi yake. Upande wa pili palikuwa patupu, nikapaanzishe na pale. Na nisithubutu kumwambia mtu kwamba natoka ofisini, majaribio yangekuwa ya uongo.

"Wewe ni hamira," aliniambia jioni ile, akisugua mikono kwa furaha. Sawa, lakini yeyote aliyewahi kukanda unga anajua kwamba hamira hakuna anayeikumbuka mkate ukishafika mezani.

Niseme na hili, maana bila hili mengine hayana maana. Mwaka ule mama yangu alikuwa amefariki. Tulikuwa tukiishi wawili, mimi na yeye, nyumba ya vyumba viwili, na kelele zote za nyumba ile zilikuwa zake. Aligombana na sufuria, aliwajibu watangazaji wa redio, aliniita kutoka jikoni kuniuliza mambo ambayo jibu lake analo. Alipoondoka nikaanza kuiacha redio ikiongea mchana kutwa, ili nikifungua mlango nikute mtu anasema. Shangazi akipiga simu ilikuwa kuniuliza kama nimeshapata mtu, kana kwamba watu wanaokotwa. Nilikuwa mpweke, nalisema waziwazi sasa, wakati ule nilikuwa nasema nimechoka.

Fundi alitokea Jumanne. Alikuwa mshona nguo kwenye ghorofa ya juu ya maduka yaliyokuwa nyuma ya benki, utepe wa kupimia shingoni, sindano mbili kwenye ukosi wa shati. Alikuja na ubao wake na mfuko wa vizibo vya soda, ndivyo kete zake, akakaa kwenye meza niliyokuwa nimekaa mimi, akauliza, "Unajua, au unatazama tu?"

"Najua kidogo."

"Wanaosema kidogo ndio wezi."

Nilimfunga. Mama alinifundisha drafti nikiwa darasa la tatu, na hakuwa mtu wa kumhurumia mtoto. Fundi alipiga kelele, akaziita mbingu zimshuhudie, akadai jua lilikuwa machoni mwake. Nilicheka mpaka nikajishtukia. Nilikuwa nimeisahau sauti yangu ya kucheka. Kisha simu ikatetemeka. Nilipomaliza kazi upande wa pili na kurudi, kijana wa benki alikuwa amekaa mahali pangu, watu wamewazunguka, na Fundi alikuwa akimfokea kwa mapenzi yaleyale. Ndivyo ilivyokuwa Jumatano, ndivyo ilivyokuwa Alhamisi. Naanza mchezo, naitwa, nikirudi nafasi imekaliwa. Sikuwahi kumaliza mchezo mwingine. Bustani ilikuwa ikijaa, na mimi niliyeijaza nilikuwa nikiizunguka pembezoni nikiwa na mkoba wangu.

Basi Ijumaa, siku ya madiwani, niliwahi. Fundi naye aliwahi. Tulicheza taratibu, bila maneno mengi, na nilikuwa nimeshambana zile kete tatu ujumbe ulipoingia. Niliinua macho kuelekea dirishani. Rula alikuwa akipunga mikono miwili kama anayezama. Gari la baraza lilikuwa limeshasimama mbele ya mahakama, na upande ule wote wa mahakama ulikuwa mtupu, viti vinang'aa tu juani.

Nililipima jambo hilo kwa muda wa kupumua mara moja. Kama ningebaki, ningemaliza mchezo mmoja. Kama ningeondoka, watu wasionijua wangepata mahali pa kukaa maisha yao yote. Nilitamani kubaki, nisidanganye. Nilitamani vibaya.

"Ukiondoka sasa umeshindwa," Fundi alisema, na safari hii hakuwa akitania. "Kuna nini huko unakokimbilia kila siku?"

"Siwezi kukwambia."

Nilikwenda. Nilikaa upande wa mahakama, na kabla madiwani hawajamaliza kushuka garini, familia moja iliyotoka kusikiliza kesi ilikaa karibu nami, wakafuata wengine, na kundi la wakubwa lilipopita lilibidi lipishane na watoto. Diwani mnene kuliko wote, yule wa ghorofa la magari, alivuta kiti akakaa, akasema, "Ah!" Nilijua pale pale kwamba tumeshinda.

Nilirudi mbio kwa Fundi. Kwa mbali niliona meza yake imezungukwa kuliko siku zote. Niliona migongo tu, tabaka juu ya tabaka, na ndani yake sauti yake ikifoka. Nikasimama. Nilijiambia, kiti chako kimekaliwa, mwanamke, ulitaka nini? Nikapitia mtaa wa nyuma, nikaenda nyumbani kwenye redio yangu. Asubuhi viti havikuwepo, na baada ya siku chache mabati ya ujenzi yakazungushwa. Mimi nikahamishiwa tawi letu la jiji jingine.

Miaka ilipita kabla sijarudi, kwa kikao cha asubuhi moja. Mchana nilikwenda bustanini, na siwezi kusema haikunifurahisha. Miti ilikuwa mikubwa. Watoto walikuwa wakipiga mayowe kwenye chemchemi niliyoichora kwa mkono wangu. Hapakuwa na kiti kitupu hata kimoja, nikazunguka nikiwa nimesimama, mgeni kwenye karamu yangu mwenyewe.

Sauti ndiyo niliyoijua kwanza. Fundi alikuwa amezeeka, kichwa cheupe, utepe ungali shingoni. Watu walikuwa wamemzunguka, naye alikuwa akisimulia huku akipanga kete.

"Palikuwa na dada mmoja," alisema, "wakati hapa ni viti tu na mapipa. Mkali! Lakini kila akikaribia mwisho anakimbia."

"Alikuwa anaogopa," mtu mmoja alisema, wakacheka. Nilicheka na mimi. Nilikuwa nimenenepa, nimevaa miwani, na uso wangu ulikuwa uleule usiomsumbua mtu.

"Hakuwa anaogopa. Alikuwa ameshanifunga siku ile ya mwisho." Fundi alinyoosha kidole kwenye kiti cha mbele yake. "Watu walijaa hapa wanataka kucheza. Niligombana nao wote. Nikawaambia kiti kina mwenyewe, kete zake hizo, msiguse, anarudi sasa hivi. Nimekaa hivyo mpaka wenye viti wamekuja kukusanya viti vyao."

Mimi nilishika mgongo wa kiti cha mtu. Migongo ile yote niliyoiona Ijumaa ile ilikuwa imesimama, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu.

Aliyekuwa akicheza naye aliinuka, akaenda zake kazini. Fundi alisawazisha ubao.

"Nani mwingine?"

"Mimi," nikasema.

Hakuinua macho. Alinisukumia vizibo vyangu.

"Kaa, mama. Ila kwenye meza hii, ukikaa, unamaliza."

"Nitamaliza," nikamwambia, nikakaa.