Nguzo Tatu za Kanso

Mbwana aliushusha mtungi wa maji kutoka kwenye mkokoteni, akaupitisha baina ya nguzo, akauweka ng'ambo. Ilibaki kumi na mmoja. Kisha ingembidi auinue mkokoteni wenyewe, auvushe juu ya nguzo hizo, apakie upya. Tangu Jumatatu ndiyo kazi yake kila safari, na kiuno kilikuwa kimeanza kukataa.

Zamani hapo lilipita gari-moshi la miwa. Kiwanda kilipofungwa, reli ziling'olewa zikauzwa vyuma chakavu, tuta likabakia kuwa njia ya watu ya kuendea Msambweni. Mwaka huu wa tisini na nane kanso, yaani halmashauri, ililitengeneza: ilimwaga changarawe, ikachimbia nguzo tatu za chuma, zimesongamana hata mkokoteni haupiti.

Asubuhi alikwenda ofisi ya kanso kulalamika. Karani hakuinua uso.

"Zunguka barabara kuu, mzee."

"Ni maili tatu, bwana. Na kilima."

"Mradi umeshafunguliwa. Andika barua."

Mbwana hakujua kuandika.

Alikuwa kwenye mtungi wa tano alipotokea mwalimu Jemima, anatoka shule. Yeye ndiye aliyekusanya sahihi ili nguzo ziwekwe, baada ya lori la mchanga kumvunja mwanafunzi wake miguu.

"Shikamoo, mzee Mbwana."

"Marahaba, mwalimu. Njoo uitazame kazi yako."

"Sisi tuliomba malori yazuiwe. Mikokoteni hatukuitaja."

"Wala sisi wenye mikokoteni hamkutuuliza."

 Jemima aliweka madaftari chini, akashika mtungi. Walivusha mitungi yote, jasho likiwatoka.

Ndipo lori la mchanga likaja nyuma yao. Utingo aliruka chini na ufunguo mkononi, akafungua kufuli iliyoishika nguzo ya kati chini, akaing'oa, kisha ile ya pembeni yake.

"Huo ufunguo umeupata wapi?" Jemima aliuliza.

"Kanso, madam. Tajiri ako na kibali."

Jemima aliitazama ile nguzo mikononi mwa utingo.

 Mbwana aliusukuma mkokoteni mtupu hadi katikati ya mwanya, akatia jiwe mbele ya gurudumu na jingine nyuma, akaketi juu ya mkokoteni.

Dereva alipiga honi. "Mzee, toa hiyo kitu! Unatuchelewesha!"

"Nimechoka, mwanangu. Napumzika."

Jemima alivuta mtungi mmoja, akaukalia ubavuni mwa mkokoteni. Honi ililia tena, safari hii kwa muda mrefu. Hawakugeuka.