Kidole Gumba Chini ya Basi

Asubuhi Mama Sabuni alimlaza mwanawe kwenye boksi tupu la chujio la injini karibu na ukuta wa gereji, akachukua kindoo cha povu na brashi, akaanza kupaka viungo vya paipu za upepo za basi. Kazi yake ndiyo hiyo, na jina kalipata hapo. Paipu hizo hupeleka upepo kwenye maputo ya mpira yanayobeba basi badala ya springi, na panapovuja povu huchemka.

Kiungo cha kushoto kilikuwa kimeachia. Lakini povu lilitulia, na basi limesimama sawasawa. Akaweka stendi za chuma za kulishikilia basi, maana tangu msiba haingii chini bila stendi, akaingia.

Mumewe alikuwa amelala chali pale pale alipofia, na ovaroli yake ya buluu, kidole gumba kimeziba kiungo.

"Ungeniletea kofia," alisema. "Grisi inanidondokea usoni."

"Nilidhani huko mliko hakuna grisi."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Akampangusa kwa upindo wa khanga. Alikufa kabla mtoto hajaota jino. Bosi alikuwa amenunua mpira laini wa kumwagilia maua na konekta za plastiki, wakaupitisha karibu na bomba la moshi. Mpira ukalainika, ukachomoka, puto likanywea na basi likamkalia fundi aliyekuwa chini. Makaburini bosi alisema ni mipango ya Mungu. Baadaye mpira ule ule ukafungwa tena.

"Twende nyumbani, baba nanii."

"Nikiachia linashuka, na linabeba abiria. Nifungie paipu ya maana, mama, nitoke."

Mama Sabuni akambeba mtoto mpaka duka la vipuri. Alichagua kama anayechagua nguo za uzazi wa kwanza. Akaikunja paipu ya nailoni nyeusi aone kama inabonyea, akaisikilizia ugumu kwa kucha. Akataka ndefu, izunguke mbali na joto. Konekta akakataa za plastiki, akachukua za shaba, akachungulia pete ya mpira ndani ya kila moja. Muuzaji alipochomoa kisu akamshika mkono.

"Kwa mkasi wake, kaka. Kisu kinakata mshazari, na mdomo wa mshazari haukai."

"Dada, unatengeneza basi au unaoza binti?"

"Kuna mtu namtoa."

Muuzaji akakata kwa mkasi wake, vizuri kabisa.

Aliporudi aliingia chini na mtoto kwanza. Mtoto akamtazama baba yake, akaukamata mkono wake wa pili, ule usio na kazi, akaung'ang'ania kama wafanyavyo watoto. Wakakaa hivyo, watatu, mpaka viatu vya bosi vikasimama kando ya gurudumu.

Bosi akachuchumaa. "Habari za siku, fundi?"

"Salama tu, bosi."

"Pole na kazi." Akalitazama povu kwenye kiungo. "Mama, mbona hakivuji?"

"Ameziba yeye, bosi. Paipu hii hapa, nipe ruhusa nifunge, nusu saa tu."

"Si kimezibwa?" alisema bosi kwa upole, kama anayeuziwa kitu alicho nacho tayari. "Paipu rudisha dukani." Kisha akainamisha kichwa zaidi. "Fundi, cha kulia nacho kimeanza kulegea. Huo mkono wa pili unafanya nini?"

Mumewe akamtazama mkewe. Dereva alikuwa ameshapiga honi, abiria wamejaa kituoni.

Vidole vya mtoto ilibidi vibanduliwe kimoja kimoja. Alilia kidogo, akanyamaza. Mumewe akanyoosha mkono wa pili mpaka kiungo cha kulia. Mama Sabuni akapaka povu pande zote mbili, maana kazi ni kazi. Hapakuchemka hata tone.

"Kofia usisahau," alisema mumewe.

"Siisahau."

Akatoa stendi. Dukani paipu hawakuipokea kwa kuwa ilishakatwa, hivyo jioni aliiviringisha chini ya godoro la mtoto, konekta zake ndani ya soksi. Lakini kabla ya hayo, pale gerejini, na kindoo mkononi, alilisindikiza basi kwa macho, na mumewe chini yake. Lilipita kwenye mashimo bila kuyumba, limekaa sawa kushoto na kulia, likakata kona.