Ndege Imejaa Kidogo

Kompyuta haina adabu, na hilo ndilo jambo lake zuri kuliko yote. Inauliza, inajibiwa kwa namba, inaondoka. Mia mbili maana yake ndiyo. Mia nne na tisa maana yake ombi lako haliwezekani kwa hali ilivyo. Namba hizi hazikubuniwa Dubai wala Mombasa. Ni kanuni za dunia nzima, na kwa sababu hiyo programu iliyoandikwa mtaa wa Al Baraha huzungumza na iliyoandikwa mtaa wa Al Jaddaf bila waandishi wao hata kusalimiana.

Zein aliziona ni utovu wa adabu.

Mwaka 2014 nilikuwa mkaguzi wa mtandao uliounganisha kampuni tisa za kusafirisha mizigo kwa ndege kwenda Afrika Mashariki. Wakala akiandika mzigo wake, mfumo uliiuliza kampuni ya kwanza: una nafasi? Ikijibu ndiyo, kazi imekwisha. Ikijibu hapana, mfumo unaiuliza ya pili, hadi apatikane mwenye nafasi. Kampuni ya Raed, Mlebanoni mwenye ofisi Al Jaddaf, haikuwahi kujibu hapana. Ghala lake la Ras Al Khor lilikuwa limesheheni viti vya saluni, vitambaa na vipuri ambavyo wenyewe waliamini viko angani.

Raed alinipokea mlangoni.

"Madam Fortunata, Alhamisi tukifeli ukaguzi wako, mtandao unatutoa?"

"Unawatoa."

Akamgeukia kijana aliyekaa kwenye kompyuta. "Zein, umesikia? Wakitutoa nafuta viza yako, unapanda ndege ya kwanza kurudi kwenu. Yalla, mwoneshe."

"Nitapanda kukiwa na nafasi, sir," alisema Zein.

Zein alikuwa Mmombasa, shati limenyooka, programu yake imenyooka zaidi. Nilitafuta kosa asubuhi nzima nikakosa. Kisha nikaomba nafasi kwenye ndege ambayo nilijua haina hata pa kuweka bahasha. Jibu likaja: mia mbili. Chini ya namba palikuwa na maneno: "Tumeupokea mzigo wako kwa mikono miwili. Ndege ya leo imejaa kidogo. Inshallah ya kesho."

"Imejaa kidogo ndiyo nini?"

"Ndiyo lugha ya kiungwana."

"Ndege ina nafasi au haina?"

"Haina."

"Sasa mia mbili ya nini?"

"Mtu amekubishia hodi, Fortunata. Utamjibu mia nne na tisa?"

Alikuwa na historia yake, na ilikuwa ya kweli. Alipoandika programu hiyo, mawakala wote walikuwa watu wa pwani wenye maduka Al Baraha. Waliyasoma maneno kwa macho yao, wakaelewa kwamba inshallah ya kesho maana yake katafute pengine. Mtandao ulipokuja, msomaji akawa mashine. Mashine ilisoma mia mbili, ikamwambia mteja mzigo umepokelewa, ikafunga shauri. Maneno ya kiungwana hakuyasoma mtu.

"Hiyo mashine ifunzwe," Zein alisema.

"Kampuni ziko tisa. Nane zimeshakubaliana. Wa kufunzwa ni wewe."

"Nyinyi wa bara hamna haya."

"Sisi wa bara tukisema hapana, mtu anawahi kwenda zake."

Kilichomsumbua hasa hakikuwa adabu ya jumla. Wakala aliyetuletea maombi mengi kuliko wote alikuwa Bi Ummulkheir wa Al Baraha, dada wa baba yake Zein, aliyemleta Dubai, akamlaza sebuleni kwake na kumtafutia kazi hiyo hiyo.

"Sijawahi kumwambia shangazi hapana," alisema. "Sijui hata inaanza vipi."

"Humkatalii wewe. Ni ndege iliyojaa."

"Yeye anajua nani kaiandika."

Jumatano alikuja anang'aa kama mshtakiwa aliyeachiwa huru. Alikuwa amepekua kanuni zenyewe, akaipata namba mia mbili na mbili: ombi limepokelewa, litashughulikiwa baadaye, matokeo hayajulikani.

"Unaona? Hata wao wanayo inshallah!"

Nilicheka, kwa sababu alikuwa sahihi. Namba hiyo ipo.

"Ni ya mtu anayekusudia kulishughulikia," nilimwambia. "Unakusudia?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Hapana."

"Basi si yako."

Alhamisi tulikagua kwa maombi halisi. Raed alisimama nyuma yetu akitafuna mbegu za tikiti. Zein alikuwa ameandika jibu jipya, lakini hakuwa ameliwasha. Ndege ya Mombasa ilijaa mapema, na ombi lililofuata likatoka Al Baraha: nguo za harusi, wakala Ummulkheir.

Zein aliliona jina, akatoa mikono mezani, akaiweka mapajani.

"Bado hujawasha?" nikamwuliza.

"Bado."

Fomu ya ukaguzi haina sehemu ya huruma, nami sikumwongezea. Raed aliacha kutafuna. Zein alisema bismillahi, akawasha, akaliruhusu ombi lipite.

Mia nne na tisa.

Papo hapo mfumo ukahamia kampuni ya pili, ukapata nafasi kwenye ndege ya jioni. Nikaandika: wamefaulu.

"Khalas, imekwisha?" Raed aliuliza. "Na mzigo umekwenda kwa nani?"

"Kwa jirani yako wa ghorofa ya juu."

"Kwa hiyo nimelipia mfumo wa kumpelekea yule punda wateja wangu."

"Naye akijaa anakuletea wake. Mwezi huu amekuletea wengi. Wako ghalani kwako."

Raed akatazama dirishani upande wa Ras Al Khor, akasema kwa Kiarabu jambo lisilotafsirika mbele ya watu, akarudi kwenye mbegu zake. Viza ya Zein ilikuwa salama.

Simu ikalia. Zein akaisogeza mbali na sikio, na sote tukasikia.

"Zein! Umenipa namba!"

"Shikamoo, shangazi."

"Usinishikamoo! Nimekuoshea soksi, leo wanipa namba? Na mama wa bibi harusi kakaa mbele yangu!"

"Nguo zimepata ndege, shangazi?"

"Zimepata."

"Ya lini?"

"Ya leo. Usinizungushe."

"Na zile pazia za wiki jana, nilizokubali?"

"Ziko Ras Al Khor," akasema Bi Ummulkheir kwa sauti ya chini zaidi.

"Basi, shangazi, ndiyo sababu."

"Sababu unayo. Adabu huna. Kesho baada ya sala ya Ijumaa napika biriani. Usije."

Akakata. Zein aliiweka simu mezani polepole, uso umemsawijika.

"Amesema nisije."

"Umemwelewa?"

"Mara moja," alisema, akionekana kushangaa. Kisha akanigeukia. "Wewe kesho unapika nini?"

"Ndizi na nyama. Mimi na Leah ninayekaa naye."

"Naweza kuja?"

Nilipiga hesabu ya sufuria.

"Njoo," nilimwambia. "Uje na soda."