Jina la Mkate wa Mwezi

"Futa," Annawiya akasema.

Mwandishi Zuwalli hakuinua uso. Kiganjani alikuwa na bamba la udongo mbichi, na alama za mwanzi wake zilikwisha kulijaza karibu lote. "Mama, nimeandika mkate mtamu. Ni mkate, na ni mtamu. Nifute nini?"

"Sikusema mkate mtamu. Nilisema armanni."

"Hilo neno lenu la Kiluwi. Bamba hili linakwenda jumba la mfalme, mjini Hattusa, haliendi sokoni kwenu."

Annawiya alijisogeza kwenye kigoda chake langoni, mguu wake uliovunjika umefungwa vijiti. Lau si mguu huo, asingemhitaji mwandishi. Angepanda punda avuke milima kabla theluji haijaziba njia, amfikie Azziya, binti aliyemnyonyesha kwa ziwa lake. Azziya alikuwa ameolewa huko jumbani, na kila mwezi ulipoandama alianguka na kutokwa povu. Mara ya mwisho aliangukia kando ya meko. Dawa yake aliiacha marehemu mama yake Annawiya: maneno ya kusema, na mkate ambao mgonjwa huuma ncha zake mbili mbele ya mungu Mwezi ili amwachilie.

"Nani atauoka huko?" akauliza.

"Haliya, yule anayewafungia punda mizigo. Mpishi wa jumba."

"Mwite. Msomee ulichoandika, naye aoke hapa hapa. Mimi sitatia neno."

"Udongo utakauka, mama."

"Ufunike kitambaa chenye maji. Ama nikufundishe na kazi yako?"

Haliya alikuja, mnene, mikono imejaa vumbi la magunia. Akanawa. Zuwalli akamsomea: unga wa ngano, asali, mafuta, mkate mtamu. Haliya akakanda kwa ustadi ambao Annawiya hakuweza kuubeza, akabandika tanurini, na baada ya muda akaleta mkate wa duara, umeiva vizuri, unanukia.

"Umeoka jua," Annawiya akamwambia.

"Nimeoka mkate, mama."

"Wa duara huo ni wa Jua, hata kwenu. Mwezi tumpelekee chakula cha mwenzake, halafu tumwombe hisani?"

Haliya akautazama mkate wake, kisha akamgeukia mwandishi. "Mimi nimesikia mkate mtamu tu."

Zuwalli akakuna shingo. "Basi nitaeleza umbo lake."

"Eleza ukitaka, lakini jina litangulie. Haliya, mwezi mnauitaje kwenu?"

"Arma."

"Na sisi arma. Mkate huu ni armanni. Mwezi mdogo. Haya, oka tena."

Haliya akasimama na donge la unga mkononi, midomo ikilirudia neno. "Mdogo," akasema taratibu. "Ulioandama juzi. Basi una pembe." Akalisokota donge, akalinenepesha katikati, akalikunja mpaka ncha mbili nyembamba zikatazama juu. Annawiya alibana midomo. Ndivyo mama yake alivyolikunja, na hakuna aliyemwonyesha mtu huyu wa Hattusa.

"Umeona?" akamwuliza mwandishi.

Zuwalli aliondoa kitambaa, akalainisha udongo kwa kidole gumba na kufuta. "Nitaliandika. Ila lazima niliwekee alama mbili za kuinama mbele yake, kuonyesha kwamba ni neno la wageni."

"Weka hata kumi. Neno lisimame."

Akauchomeka mwanzi udongoni. Annawiya, asiyejua kusoma, akamtaka amwonyeshe, akaziona zile alama mbili zimeinama kama watu wanaosukuma mlango.

"Sasa nisomee."

Akamsomea. Akamtaka tena, akasomewa tena.

Mkate wa pembe ulipotoka tanurini, alimpa Haliya aubebe kama kielelezo, ingawa alijua utavunjika njiani. Punda wakatoka langoni, Zuwalli na bamba lake nyuma yao.

"Haliya, ulioka nini?"

"Armani, mama."

"Rudi."

Akarudi, na punda wake.

"Armanni. Libane hapo katikati."

"Armanni."

"Tena."

Haliya alilisema mara saba, ndipo akaruhusiwa kwenda. Msafara ulipofika kwenye kona ya mlima, Annawiya alikuwa bado amekaa langoni na mguu wake wa vijiti, ametega sikio. Alimsikia Haliya akilisema peke yake, kisha sauti ya Zuwalli ikimkemea alirudie vizuri.